Waunga Mifupa Waliofariki: Wakumbukwe kwa Sifa au kwa Maarifa?

Kila jamii ina desturi zake za kuwakumbuka walimu waliokwisha kufariki. Mwalimu wa shule huacha jina lake katika kumbukumbu za shule na wanafunzi wanaojulikana waliko. Daktari huacha mafaili ya wagonjwa hospitalini. Fundi wa kuunga mifupa, aliyeishi kijijini maisha yake yote na kunyosha mikono na miguu ya watu wa tarafa nzima, huacha nini? Aghalabu huacha sifa tu. Waliohudhuria matanga husema kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi, kwamba kazi hiyo aliirithi kwa babu yake, na kwamba hapatatokea mwingine kama yeye. Baada ya miaka michache sifa hizo hufifia. Kizazi kinachofuata hubaki na jina peke yake, na kizazi cha tatu hata jina hakina.

Makala haya yanashikilia rai moja. Mganga wa mifupa aliyefariki hajakumbukwa ipasavyo mpaka yameandikwa mambo matatu: alijua nini; alifundishwa na nani, naye akamfundisha nani; na alishindwa wapi. Sifa zisizo na mambo hayo matatu ni heshima ya kinywa tu. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zinafaa sana kulipima jambo hili. Ndiko ulikoandikwa ushahidi mmoja wa kale kuhusu mganga wa kienyeji na mguu wa mgonjwa, na ndiko ambako hasara ya kutoandika inaonekana waziwazi.

Mganga asiye na jina

Mwezi Novemba mwaka 1861, wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa na Mtawala Rumanyika. Mwezi Januari mwaka 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, lakini Grant alilazimika kubaki. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba vibaya kuanzia juu ya goti, goti limekakamaa na kupinda, na usaha ukitoka kila siku. Hakuondoka Karagwe mpaka mwezi Aprili, tena akiwa amebebwa kwa machela. Aliporudi kwao aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1864, na ndani yake akaeleza maradhi yake na namna alivyotibiwa.

Grant anasimulia kwamba ndugu yake Rumanyika alimpelekea mganga wa Kinyambo aliyefuatana na mkewe. Mganga huyo aliupapasa mguu kwa upole mkubwa, akauchanja chanjo ndogo ndogo, kisha akawaamuru watazamaji watoke nje. Mkewe akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi nzito, nayo ikasuguliwa katika chanjo. Mwisho kipande cha jiwe la volkano kilifungwa kwenye kifundo cha mguu kuwa hirizi. Grant hakuona nafuu ya wazi kutokana na tiba hiyo. Ugonjwa uliendelea kwa miezi kadhaa, kisha ukapungua wenyewe.

Kwa kuwa dalili hizo ziliandikwa kwa uangalifu, wataalamu waliozisoma miaka mingi baadaye wameweza kuutambua ugonjwa wenyewe. Rai inayokubalika na wengi ni kwamba Grant alikuwa na kidonda cha Buruli, ugonjwa unaoletwa na bakteria walio wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Bakteria hao walielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 nchini Australia, na jina la Buruli lilitokana na eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana baadaye. Maelezo ya Grant huhesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza kabisa yanayojulikana kuhusu ugonjwa huo. Basi mtu asiyekuwa daktari, akiwa kitandani Karagwe, aliuachia ulimwengu jambo la kisayansi ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Alichofanya ni kuandika kile alichokiona.

Upande wa mganga, kinyume chake, umebaki mtupu. Ile dawa nyeusi ilitengenezwa kwa kitu gani? Vidole vyake vilitafuta nini vilipoupapasa mguu? Kwa nini watazamaji walitolewa nje? Yule mwanamke, ambaye ndiye aliyeishika dawa, alikuwa msaidizi tu au ndiye mwenye elimu? Walifundishwa na nani? Hakuna ajuaye. Hata majina yao hayakuandikwa. Mgonjwa amekumbukwa kwa zaidi ya miaka 160, na waliomhudumia wamesahauliwa kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa.

Elimu iliyomo vidoleni

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya kazi hii. Kuganga, katika maana yake mojawapo, ni kufunga na kutengeneza kitu kilichovunjika. Gango ni kijiti au ubao unaofungwa kando ya mfupa uliovunjika ili usitikisike. Katika jamii hiyo hiyo ya maneno yumo mganga. Lugha imehifadhi kwamba mtu wa kuunga vilivyovunjika alikuwa na nafasi kubwa katika uganga, lakini lugha haiwezi kuhifadhi namna alivyofanya.

Tanzania haikuipuuza tiba asili. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili, na mwaka 1991 kikapandishwa kuwa taasisi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga. Katika Mkoa wa Kagera kwenyewe, mwaka 2009 na mwaka 2010 zilichapishwa tafiti mbili zilizoorodhesha mimea ya dawa inayotumiwa katika kata za Bugabo na Katoro, upande wa Bukoba. Kazi hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo yafaa kuona kilichoachwa nje. Jani huweza kukaushwa, kubanwa katika karatasi na kuwekwa kabatini, na miaka hamsini baadaye mtafiti mwingine akalitazama. Mkono hauwezi kubanwa katika karatasi. Fundi wa mifupa hulinganisha mguu mzima na uliovunjika, husikiliza kwa vidole ncha za mfupa zinavyokwaruzana, huvuta kwanza ndipo anyooshe, na hukadiria siku ya kulegeza gango na siku ya kumruhusu mgonjwa akanyage chini. Elimu ya namna hiyo hukaa vidoleni na katika macho ya mwanafunzi aliyekaa karibu. Ikiwa mwanafunzi hayupo, huzikwa pamoja na mwenyewe.

Katika Mkoa wa Kagera jambo hilo si dhana tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliua zaidi vijana na watu wa makamo, yaani wale ambao kwa kawaida ndio wangepokea kazi kutoka kwa wazazi wao. Mafunzo ya kuunga mifupa aghalabu hupita ndani ya ukoo, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto au mpwa, bila cheti wala daftari. Mpango wa namna hiyo hutegemea sharti moja, kwamba mwanafunzi ataishi zaidi ya mwalimu wake. Palipokosekana sharti hilo, mzee alimzika mrithi wake, naye alipofariki hapakuwa na wa kusema alichokuwa akikijua. Kwa hiyo wanaostahili kukumbukwa ni walimu na wanafunzi wao pia, maana kufariki kwa mwanafunzi ndiko kulikokata uzi.

Mfano wa Hutton na wa Thomas

Je, yawezekana kweli kuuandika ufundi wa mkono? Historia inajibu kuwa yawezekana. Katika karne ya 19 alikuwako mjini London muunga mifupa aitwaye Richard Hutton, ambaye hakuwa na shahada yoyote ya udaktari lakini alikuwa na wagonjwa wengi. Alipougua, daktari Peter Hood alimtibu bila kumdai malipo. Kwa shukrani Hutton akakubali kuufundisha ufundi wake, na aliyekwenda kujifunza ni mtoto wa daktari huyo, Wharton Hood, naye pia akiwa daktari. Hutton alifariki mwaka 1871, na mwaka huo huo Wharton Hood akachapisha maelezo ya kazi ya mwalimu wake: namna alivyokishika kiungo, mahali alipokaza dole gumba, na upande aliouzungushia.

Wharton Hood hakuishia kusifu. Hutton alikuwa akiwaambia wagonjwa wake kwamba mfupa umetoka mahali pake, na kwamba yeye anaurudisha. Mwanafunzi wake alionyesha kuwa mara nyingi hakuna mfupa uliotoka. Kiungo kilikuwa kimekakamaa kwa sababu nyuzi za kovu zilikuwa zimeshikamana baada ya jeraha au baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika, na mzunguko ule wa ghafla ulizikata nyuzi hizo. Kwa maneno mengine, mkono wa Hutton ulikuwa sahihi na maelezo yake yalikuwa na kosa. Kumbukumbu iliyoandikwa ilivitenga viwili hivyo, ikahifadhi cha kwanza na kusahihisha cha pili. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1867, daktari mashuhuri James Paget alikuwa amekwisha kuwahimiza madaktari wenzake wajifunze lililo jema katika kazi ya waunga mifupa na kuliepuka lililo baya.

Mfano wa pili ni wa ukoo mzima. Hugh Owen Thomas alizaliwa mwaka 1834 katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, nchini Wales. Baba yake, Evan Thomas, alifanya kazi hiyo mjini Liverpool, akashtakiwa zaidi ya mara moja kwa kutibu bila kuwa daktari. Alichokifanya mzee huyo ni kuwapeleka wanawe kusomea udaktari. Hugh akaunganisha alichokiona nyumbani na alichofundishwa chuoni, akabuni gango la mguu ambalo lingali likiitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1891. Katika Vita Kuu ya Kwanza mpwa wake, daktari Robert Jones, alilieneza gango hilo katika majeshi ya Uingereza, na vifo vya askari waliovunjika mfupa wa paja vikapungua sana. Hilo ndilo kaburi la heshima alilojengewa Evan Thomas: kifaa kilichookoa watu ambao hawakupata kumjua.

Hatari ya kukumbuka kupita kiasi

Msomaji aweza kudhani kwamba tatizo litakwisha pindi majina yatakapoandikwa. Lakini liko kosa la upande wa pili, na historia ya tiba ya kiropraktiki inalionyesha vizuri. Kiropraktiki ni tiba ya mikono inayoshughulika hasa na pingili za uti wa mgongo. Haina asili ya Karagwe. Ilianzishwa na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, naye akafungua shule yake mwaka 1897. Wafuasi wa tiba hiyo hawakuwasahau walimu wao. Wanakumbuka hata tarehe ya matibabu ya kwanza, 18 Septemba 1895, na jina la mgonjwa wa kwanza, Harvey Lillard, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika jengo ambalo Palmer alifanyia kazi. Wanamkumbuka mwanzilishi aliyefariki mwaka 1913; mwanawe Bartlett Joshua, aliyeikuza shule hiyo na kufariki mwaka 1961; na Mabel Palmer, mke wa mwana huyo, aliyefundisha anatomia miaka mingi na kufariki mwaka 1949. Ukiilinganisha kumbukumbu hiyo na ile ya mganga wa Karagwe ambaye hata jina hana, tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Lakini pamoja na majina yalihifadhiwa pia madai. Ilisimuliwa kwamba Lillard alikuwa kiziwi na kwamba alirudishiwa usikivu kwa kusukumwa pingili moja ya mgongo. Mwanafunzi yeyote wa biolojia aweza kulipima dai hilo kwa mchoro wa kitabuni. Neva ya kusikia hutoka katika sikio la ndani na kuingia kwenye ubongo ikiwa ndani ya fuvu la kichwa. Haipiti shingoni wala mgongoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 Palmer alidai kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizosogea mahali pake. Sayansi ya leo hailikubali dai hilo. Kinachokubalika ni kidogo zaidi, lakini kina manufaa: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, tiba ya mikono huweza kuleta nafuu kiasi, ikilingana na njia nyingine zinazopendekezwa, kama vile mazoezi.

Yalichukua miaka mingi kwa wengi katika fani hiyo kuyatenga maneno ya mwanzilishi na ushahidi, na wapo ambao hawajayatenga hadi leo. Sababu ni heshima. Mwalimu akiwekewa sanamu, kumsahihisha huonekana kuwa ni kumtukana. Katika miongozo yake ya mwaka 2005 kuhusu tiba hiyo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200 mwalimu na mwanafunzi wakiwa pamoja, na likaorodhesha hali ambazo mgongo haupaswi kuguswa kabisa, zikiwamo mivunjiko, uvimbe wa saratani na maambukizo ya mifupa. Orodha ya yale yasiyofaa kuguswa ni kumbukumbu bora kuliko sanamu, maana kila kipengele chake kimetokana na mgonjwa aliyeumia.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo

Watu wa Karagwe na Kyerwa wangali wakivunjika. Mkulima huanguka na mkungu wa ndizi begani; mchimbaji huangukiwa na kifusi katika machimbo ya bati ya Kyerwa; pikipiki hupinduka kwenye barabara za milimani. Ziko hospitali, kama Nyakahanga iliyoko Karagwe na Isingiro iliyoko Kyerwa, lakini kwa mwenye nyumba mbali na barabara na mfuko mtupu, fundi wa kijijini yuko karibu zaidi. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wengi huanzia kwake.

Mara nyingi hupona, na sababu yake haina uchawi wowote. Mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi hujiunga wenyewe, mradi ncha zake zimekaribiana na hautikisiki kupita kiasi. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Katika majuma machache huota nyama ngumu mfano wa gegedu, kisha hugeuka kuwa mfupa. Mfupa wa mtoto huunga upesi. Mfupa wa muundi wa mtu mzima huweza kuchukua miezi minne au zaidi. Maumivu mengi ya kiuno nayo hupungua katika majuma sita, mgonjwa akichuliwa au asichuliwe. Kwa hiyo sifa ya fundi ina sehemu mbili, sehemu aliyoifanya yeye na sehemu iliyofanywa na maumbile. Sifa za matangani haziwezi kuzitenga sehemu hizo. Daftari huweza.

Tena sifa huficha hatari. Gango likikazwa mno juu ya mkono unaoendelea kuvimba, damu hushindwa kupita na misuli huanza kufa katika muda wa saa chache. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza mkasa huo mwaka 1881: vidole hukunjika kama makucha na havinyooki tena. Dalili zake hujulikana: maumivu makali kupita kiasi, hasa vidole vinaponyooshwa, ganzi, na vidole kuwa baridi na kupauka. Mfupa uliotoboa ngozi huingiza vijidudu na wahitaji kusafishwa hospitalini mapema. Na kuna mgongo unaouma kwa miezi, pamoja na homa za usiku, kukonda, kinundu mgongoni na miguu kulegea. Huo yamkini ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kwa dawa. Mgongo wa namna hiyo ukikandamizwa kwa nguvu, pingili zilizoliwa huweza kuporomoka na kuubana ugwe wa fahamu, na mgonjwa akapooza.

Fundi hodari hukutana na mambo kama hayo katika miaka mingi ya kazi. Huona mkono uliooza akajifunza kutokaza. Huona mgongo wenye kinundu akajifunza kukataa. Kujua lipi la kukataa ndicho kilele cha elimu yake. Sifa za matangani hazikitaji, maana hakuna anayesimama kaburini akahesabu wagonjwa ambao marehemu alikataa kuwagusa. Hivyo mwanafunzi wake hurithi ujasiri bila tahadhari, naye hulazimika kujifunza tahadhari upya kwa gharama ya mkono wa mtoto wa mtu. Hapo ndipo kusahau kunapoacha kuwa suala la heshima ya marehemu na kuwa suala la viungo vya walio hai.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kwamba kuandika ni kuiba siri ya ukoo. Pingamizi hili lina haki ndani yake. Maarifa ya mzee ni mali yake na ya watu wake, na hapana budi waombwe ruhusa, waelezwe maandishi yatawekwa wapi, na wabaki na nakala. Lakini siri ambayo mrithi wake amefariki si siri tena; ni kitu kilichopotea. Ukoo wa Thomas haukupoteza kitu kwa kufungua mlango. Ulipata jina lisilofutika.

Wengine watasema kwamba kuandika makosa ya marehemu ni kumvunjia heshima. Desturi inataka maiti asisemwe vibaya, nayo ni desturi njema panapohusika tabia zake na ugomvi wake. Kazi yake ni jambo jingine. Mvuvi akifa majini, wenzake hutaja mahali penye mkondo uliomchukua, na hakuna asemaye kwamba wamemtukana.

Wa tatu watatoka upande wa hospitali. Watasema kwamba kuwakumbuka waunga mifupa ni kuutukuza ujinga na kuwafanya watu wachelewe kwa daktari. Kwa kweli kumbukumbu ya sifa tupu hufanya hivyo hasa. Kumbukumbu yenye hesabu hufanya kinyume chake, maana huonyesha ni mvunjiko wa namna gani uliopona kijijini na ni upi ulioharibika. Daktari aliyesoma orodha hiyo ana neno la kuzungumza na fundi aliye hai, tena fundi atamsikiliza, kwa sababu mfano umetoka kwa mwalimu wake mwenyewe.

Kazi ya shule

Kazi hii haihitaji mashine wala fedha nyingi. Shule za sekondari za Karagwe na Kyerwa zina vijana wanaojua Kinyambo cha nyumbani na Kiswahili cha darasani, nao wana mabibi na mababu wanaokumbuka. Mwalimu wa biolojia afundishapo mifupa na viungo aweza kuanzisha daftari moja la shule. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja na kumwuliza juu ya muunga mifupa aliyefariki ambaye mzee huyo alimjua. Yaandikwe haya: jina lake, ikiwa jamaa zake wameridhia; kijiji; alifundishwa na nani; nani walijifunza kwake, na wako wapi; alitumia mti gani kwa gango na kamba gani; alikaza vipi na kulegeza siku ya ngapi; majeraha gani aliyakubali na yapi aliyakataa; na wagonjwa gani hawakupona. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Palipo na fundi aliye hai, aombwe aonyeshe namna ya kufunga gango juu ya mkono mzima wa mwanafunzi, bila kukaza, na mwenzake achore picha.

Yafaa wanafunzi waelezwe mapema kwamba lengo si kujifunza kutibu. Mtu asijaribu mkono wa mwenzake uliovunjika kwa sababu ameandika kurasa kumi. Lengo ni kujifunza kazi ambayo ni msingi wa sayansi yote: kutenga kile kilichoonekana na kile kilichosimuliwa, kutenga tendo na maelezo ya tendo, na kuandika kushindwa kwa wino ule ule wa kufaulu. Nakala ya daftari ipelekwe hospitali ya wilaya, na nyingine itunzwe katika maktaba ya shule. Mwalimu wa historia naye ana sehemu yake, kwa kuwa orodha ya nani alimfundisha nani, ikirudishwa nyuma vizazi vitatu au vinne, huanza kuukaribia wakati wa Rumanyika.

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo hutumiwa kuwatuliza wagombanao ili wasahau ya jana, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini katika kuganga kwenyewe, kwa maana halisi ya neno, yajayo hayagangiki bila yaliyopita. Mtoto atakayevunjika mkono Kyerwa mwaka ujao atahitaji mtu anayejua gango likazwe kiasi gani. Mzee mmoja aliwahi kulijua jambo hilo, akafa nalo. Wazee wengine wangali hai, na daftari la shule lina kurasa tupu.